Milio Mitatu Kutoka Glenduff

Asubuhi ile kaka yangu Malachy alipoona upepo umekaa vizuri, alinipigia kutoka kwenye lango lake la juu, mahali pekee kule Glenduff ambapo simu yake hukamata mtandao, tena kwa kubahatisha. "Tracta, leo nakoroga," akasema. Tracta ni mimi. Nilikuwa kitandani na mafua, sauti imenikauka, lakini usingizi wote uliniruka.

Alikuwa anazungumzia samadi. Majira yote ya baridi ng'ombe wanakaa bandani, juu ya sakafu ya zege yenye mianya, na kinyesi chao chote kinashuka kwenye shimo lililo chini yao. Ikifika Januari serikali ikaruhusu samadi imwagwe mashambani, kila mkulima wa kaunti yetu ya Mayo, huku Ayalandi, anakimbilia trekta. Unawatoa ng'ombe, unafungua milango yote, unawasha mtambo wa kukoroga, halafu unakaa mbali. Maana samadi ile ikitikiswa hutoa hewa ambayo ukiivuta mara moja, huvuti ya pili. Mwaka mmoja baba aliingia kumtoa ndama, hakutoka. Mdogo wetu Colman akaingia kumtoa baba. Malachy angekuwa wa tatu, ila majirani walimwangusha chini wakamkalia kifuani, huku akiwatukana matusi yote ya duniani, mpaka zima moto walipofika. Tumebaki sisi wawili, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hakorogi mpaka mimi niwe nimekaa kwenye gari langoni, namtazama.

"Subiri nipone," nikamwambia.

"Mpaka upone mvua itakuwa imerudi. Shimo limejaa, Tracta, karibu lifike kwenye kwato. Wewe kaa kitandani ukohoe kwa raha zako. Nikimaliza nakupa milio mitatu."

"Toss umfunge!"

"Nitamfunga."

"Umfunge vizuri, Malachy, maana huyo mbwa..."

Simu ikakatika. Mbwa wote wa Malachy tangu utotoni wameitwa Toss. Huyu alikuwa wa tano, na kwa ujinga aliwapita wote, na ndiye aliyependwa kuliko wote. Usiniulize kwa nini.

Sasa, milio mitatu. Watu wa rika letu huku hatuachani barabarani bila kuahidiana hivyo. Ukifika kwako unapiga, inalia mara tatu, unakata. Maana yake nimefika, niko salama, kalale. Hapokei mtu. Mama yangu akikuona unanyoosha mkono kupokea milio mitatu ya shangazi, alikuwa anakuchapa kijiko cha mbao kwenye vidole, kwa kuwa ukipokea unamlipisha mwenzako bure. Vijana wetu wanatucheka. Wacheke tu. Mimi nimezeeka na milio mitatu, na ndiyo imenilaza usingizi miaka yote.

Lakini milio inataka mtandao, na mtandao wa Glenduff ulikuwa mgonjwa tangu dhoruba ya Desemba. Waya wa simu ya zamani kampuni iliung'oa, ikatuambia simu ya mkononi ndiyo maendeleo. Haya, maendeleo yenyewe ndiyo hayo, mzee wa watu anasimama langoni kwenye manyunyu ameinua mkono juu kama anayeomba ruhusa kwa mwalimu. Nilikuwa nimewapigia mara nyingi sana. Kila mara wananiambia ramani yao inaonyesha Glenduff ina mtandao mzuri sana, ndani na nje. Nikawauliza huyo mchora ramani amewahi kufika Glenduff? Wakaniwekea muziki.

Siku ile nilishindwa kulala. Nikajifunga shali, nikashuka jikoni, simu ya mkononi nikaiweka mezani mbele yangu, na kwa simu ya mezani nikawapigia tena. Nilitaka walau nigombane na mtu. Huku kwangu Kilbrack, ng'ambo ya mlima, bado tuna waya.

"Kwa Kiayalandi, bonyeza moja. Kwa Kiingereza, bonyeza mbili." Nikabonyeza. "Simu yako ni muhimu kwetu." Mwongo mkubwa wewe. Fidla ikaanza kulia, wimbo uleule, unafika katikati kisha unarudi mwanzo. Nikawa nimekaa hapo, sikio moja kwenye fidla, macho kwenye simu ya mkononi. Nilijua saa anayowatoa ng'ombe. Nilijua saa anayowasha mtambo. Kila nikifumba macho nawaona majirani wamemkalia kifuani, na kifua hakipandi.

Ndipo simu ya mkononi ikalia. Jina lake kwenye kioo. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ikanyamaza.

Lo! Nilishusha pumzi mpaka nikakohoa machozi yakanitoka. Mungu ni mwema. Amemaliza, amesimama langoni, mzima. Nikaweka birika jikoni, nikakata mkate, nikapaka siagi. Ile simu ya mezani nilitaka kuikata, kisha nikasema hapana, nimesubiri kiasi hiki, leo watanisikia.

"Karibu huduma kwa wateja, unaongea na Clodagh, nikusaidie nini?" Sauti ya msichana mdogo, imechoka.

"Clodagh mwanangu, naitwa Attracta Durkan. Kaka yangu yuko Glenduff, simu yake haishiki mtandao, na msiniambie habari za ramani."

"Pole sana, mama. Wewe ndiye mwenye laini?"

"Nimekwambia ni kaka yangu."

"Basi samahani, mama, sheria ya faragha hainiruhusu kuongelea laini ya mtu mwingine. Yeye mwenyewe anaweza kutupigia."

"Atawapigiaje na simu haipigi? Ala! Una akili kweli wewe? Atume njiwa?"

Akacheka kidogo, akajizuia. "Kama una majibu ya maswali yake ya siri, naweza kukusaidia. Jina la ukoo wa mama yake kabla hajaolewa?"

"Mama yake ni mama yangu. Gaughan."

"Na mnyama wake wa kwanza wa kufuga?"

"Toss. Na wa pili Toss, na wa tatu. Endelea."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Birika likaanza kuguna. Nikajimwagia chai, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikahisi njaa.

"Naona laini inafanya kazi, mama," akasema. "Leo amepiga. Muda si mrefu kuna simu imekwenda namba inayoishia na sita-sita."

"Hiyo ni yangu. Amenibipu. Milio mitatu, ndivyo tunavyofanya, maana yake yuko salama."

Vidole vyake vikarudi kwenye kibodi.

"Unamaanisha alikata mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hapana, mama. Hakukata. Hapa inaonyesha imeanguka kwa kukosa mtandao. Na kuna nyingine baada yake, namba hiyohiyo. Hiyo imefika mnarani ikaanguka kabla haijalia. Na nyingine. Na nyingine tena. Mama? Anakupigia sasa hivi. Imeanguka tena."

Kikombe kilinitoka. Nilikiona kinaanguka, nikakisikia kinavunjika, na chai ya moto sikuikwepa. Malachy hajawahi kunipigia mara mbili mfululizo tangu alipozaliwa. Hapendi simu. Mtu wa milio mitatu ukiona anapiga na kupiga na kupiga, ujue yuko kwenye shida, na mimi shida yake nimeipokea, nimeipakia siagi, nimeinywea chai.

"Anakoroga samadi," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Yuko peke yake."

Sikujua kama msichana wa mjini ataelewa. Lakini nilisikia kiti chake kikisukumwa nyuma. "Mjomba wangu alikufa hivyo kule Cavan," akasema, na ile sauti ya huduma kwa wateja ikawa imemtoka kabisa. "Mama, nenda. Zima moto nawapigia mimi. Niambie nyumba ni ipi."

"Nyumba ya mwisho ukishavuka mlima, lango jekundu."

"Nenda! Na usiingie bandani, unanisikia? Usiingie!"

Nilitoka na shali na ndala. Gari langu ni zee, na barabara ya Glenduff ni nyembamba, imepinda, kondoo wamejilalia katikati kama yao. Nikapiga honi, nikawalaani kondoo na wenye kondoo. Nilikuwa nimeiweka simu juu ya mapaja, na kila nikitupa jicho naona kile kialama cha mtandao kinapungua, mpaka nilipovuka mgongo wa mlima kikafutika. Kuanzia hapo hata angenipigia na pumzi yake ya mwisho, nisingejua.

Niliogopa, sifichi. Nilikuwa nasali na kutukana kwa pumzi moja. Mtakatifu Antoni, nitunzie kaka yangu. Malachy, mpumbavu wewe, ukifa nitakuua. Niliona jeneza. Nikaona nitakavyokaa Krismasi mbele ya sahani moja. Na juu ya yote nikasikia ile milio mitatu, nami nimekaa naihesabu, nashukuru, mkono uko shubiri moja tu kutoka kwenye simu.

Nikakata kona ya mwisho. Trekta imesimama kando ya banda, imezimwa. Milango ya banda wazi. Ng'ombe wako uani, wanatafuna nyasi zao. Malachy simwoni.

Ilinibidi nijishike kwenye usukani. Banda lile lilikuwa limeachama mbele yangu, jeusi, na mwili wangu wote unaniambia ingia, atakuwa mlangoni tu, utamvuta mguu, ni hatua chache. Sasa nikajua Colman alihisi nini. Niliteremka. Ndala moja ikabaki kwenye tope. Nikaanza kwenda. Naam, mimi, niliyeambiwa nisiingie, nilikuwa naingia.

"Tracta!"

Sauti ilitoka kwenye lango la juu. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, mkono mmoja ameuinua na simu, na mkono mwingine umefungwa kwenye nondo ya lango kwa ile kamba ya buluu ya kufungia majani makavu, ambayo hakuna mkulima Mayo asiyekuwa nayo mfukoni. Amejizungushia, akazungusha, akakaza kwa meno. Mkono umevimba, umekuwa wa zambarau.

Nilikimbia kule mguu mmoja peku. Nikamkumbatia, nikampiga, sijui kipi kilitangulia.

"Nilisikia inalia," akasema. "Ikalia mara tatu, ikakatika. Nikasema basi, Tracta sasa anaweka birika."

"Ungewaita zima moto, Malachy!"

"Niwaite zima moto kwa ajili ya mbwa?"

Ndipo nikaelewa kwamba Toss hayupo. Miguuni pake kulikuwa na kipande cha kamba kilichotafunwa.

"Alikata," akasema. "Kuna ndama alirudi mlangoni, naye akamfuata kumtoa, kama nilivyomfundisha. Ndama ametoka. Nikazima mtambo. Namwona pale ndani, kalala juu ya sakafu, karibu tu, Tracta, karibu kabisa. Miguu yangu ikawa imeshaanza kwenda." Akauangalia mkono wake uliofungwa. "Nilikupigia unikataze. Basi. Nilitaka nisikie mtu ananikataza. Siku ile walikuwapo wa kunikalia."

Nilimpapasa mfuko wa koti nikapata kisu chake. Kamba ilikuwa imezama kwenye nyama, vidole vya baridi. Nikaingiza ncha ya kisu chini yake.

"Usikate," akasema.

"Mkono utakufa, kaka yangu."

"Usikate bado. Bado namsikia analia."

Nikatega sikio. Nikawasikia ng'ombe wakitafuna. Mbali sana, upande wa Kilbrack, nikasikia king'ora kinapanda mlima. Bandani hapakuwa na sauti yoyote.

Nikailegeza kamba kidogo, damu ipite, nikaiacha bado imemfunga. Kisha nikakaa kwenye tope kando yake, nikaushika ule mkono wake mwingine kwa mikono yangu yote miwili.