Kabichi ya Bi Mdogo

Hussen alipooa mke wa pili, alimwambia Kidawa, mke mkubwa, bila hata kukaa: "Umfundishe Naima kutengeneza kabichi. Wewe umechoka, pumzika."

Amechoka! Wateja wa banda la Hussen la kuku wa kuchoma, pale Kilwa Masoko, walifuata kabichi ya Kidawa, iliyochanganywa na karoti na mayonesi. Huyo kuku wake mkavu angeliwa na nani?

Asubuhi Naima akaja na kanga yake ya harusi, akainama kwa heshima. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shika kisu."

Kidawa akamfundisha kukata kabichi nyembamba kama uzi, kuitia chumvi, kukuna karoti, kuongeza ndimu. Jambo moja tu alimficha. Chumvi hutoa maji kwenye kabichi, na maji hayo lazima yakamuliwe yote kabla ya kutia mayonesi.

Jioni banda lilijaa. Bakuli la Naima lilipofunuliwa, kabichi ilikuwa inaelea kama nguo zilizolowekwa. Mteja mmoja akacheka. Hussen akalinyakua bakuli, akammwagia Naima miguuni mbele ya watu wote. "Kwenu Mitole ndiyo mnakula uchafu huu?"

Naima akakimbilia kwa Kidawa akilia, karoti zimemganda kwenye kanga. "Dada, nimekosea wapi?"

Kidawa akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, taratibu, kama mama.

"Chumvi ilikuwa kidogo, mdogo wangu," akasema. "Kesho zidisha."