Waliomkata Murinzi

Usijifanye hukuona. Ulipita mtaa wa Kimisagara, ukakiona kile kisiki kibichi juu ya mapaa ya mabati, na chini yake ufa wa ardhi unaomeza mkono mzima. Ukageuza shingo, ukainamia simu yako. Basi leo utasikiliza.

Mti ule ulikuwa umuko, wa maua mekundu kama makaa. Spéciose, muuza ndizi aliyelelewa Bujumbura, aliuita kwa jina la huko: murinzi, yaani mlinzi. Bibi yake alimsimulia kwamba Ryangombe, mkuu wa mizimu ya kale, aliporushwa na nyati hakuna aliyemdaka ila mti huo. Ndiyo maana haukatwi. Baadaye katekista akamwambia Ryangombe ni shetani, naye Spéciose akaifukia ile hadithi. Ila haikuoza.

Siku Jean-Paul, mwenye vyumba vya kupanga, alipotangaza kwamba mti wa mashetani unaondolewa, Spéciose alimwendea mbio. Bintiye Ariane na kitoto chake walikaa chumba cha mwisho, kile kilichoegemea mlima.

"Bosi, usimwondoe murinzi. Ukimwondoa, mlima utatuangukia."

Jean-Paul akacheka hadi akajishika kiuno. "Mama Ariane! Nani kamfukuza mlinzi? Si yule pale getini na rungu lake? Yuko kazini!" Akampigia kelele mzee wa getini: "Wewe, njoo umsalimie mama, hataki uende!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Spéciose naye akacheka, kwa haya. Alipomaliza kucheka, shoka lilikuwa limeshaingia.

Na shetani gani huyo, akikatwa anageuka chumba cha kupangisha? Maana wiki haikuisha, matofali yalikuwa yamepangwa palepale.

Mvua zikaanza, ufa ukafunguka. Watu wakafanya nini? Wakabishana! Kankindi, mama wa maombi, akasema pepo wa mti analipa kisasi. Shema, kijana wa chuo, akamcheka.

"Ni mizizi tu, jamani. Ilikuwa inashika udongo. Hao wazee walitunga nyati wao kutishia watoto."

"Kama walitunga," Spéciose akamuuliza, "mbona mti umekatwa tu, nyati wao anatushukia kutoka mlima huuhuu?"

Shema akajikuna kichwa. "Imetokea tu, mama."

Spéciose mwenyewe hakujua, na hilo ndilo lililomnyima raha. Huenda wa kale waliuona mlima ukishuka unanguruma, umeinamisha pembe, wakakosa neno jingine ila nyati. Huenda bibi aliongopa tu ili wajukuu walale. Na kama hakuongopa, basi katekista alimfundisha nini?

Alasiri hiyo wingu jeusi likasimama juu ya bonde la Nyabugogo. Spéciose akaingia chumbani kwa Ariane, akamkuta kitandani ananyonyesha.

"Toka, mwanangu."

"Kwa ajili ya nyati, mama? Watu watanicheka."

"Wakucheke ukiwa hai."

"Wewe mwenyewe unaiamini hiyo hadithi? Niambie kweli."

Spéciose akainama kitandani. Akashika pembe ya godoro, akavuta. "Waliona au walitunga, nitamuuliza bibi nikikutana naye. Wewe shika mtoto."

Akajitwika godoro, akatoka. Ariane akabaki ameketi juu ya mbao tupu za kitanda, amenuna. Ndipo ukuta wa nyuma ukalia, sauti nzito ya chini, kama mnyama mkubwa anayevuta pumzi. Akatoka mbio, mtoto kifuani, kiatu mguu mmoja.

Sasa matone yameanza. Mama na binti wanateremka kichochoro, na wapangaji wengine wamejaa milangoni wanachekelea godoro linalotembea.

"Mama Ariane, unahamia kwa mlinzi?"

Shema bado anafafanua mizizi. Kankindi bado anakemea pepo. Jean-Paul anafunika saruji yake isilowe. Hakuna aliyeinua hata mkeka.

Nawe umesimama pale barabarani, unangoja mshindi wa ubishi. Weka simu mfukoni. Panda kichochoro. Gonga kila mlango, mbebe mtoto wa kwanza utakayemkuta, mkokote mama yake kwa nguo ikibidi. Kama ni pepo, kama ni mizizi, mtabishana huko chini, mahali pakavu, mkiwa wazima wote. Nenda sasa hivi, nyati ameshainamisha kichwa.