Kioo Kilichozunguka na Lensi

Uvumi ulianzia sokoni Kamembe, penye meza za sambaza, dagaa wa ziwani, ukamganda Maman Véronique kama harufu ya samaki mikononi: Dominique akikupiga picha na uso wako ukatoka mweusi, humalizi mwaka.

Dominique ni mtoto wake wa kwanza.

"Banasema ni dawa ya Bukavu," Nzigire, jirani yake wa meza, alimnong'oneza huku akipanga nyanya. "Mzee Habineza, si yeye peke yake alitoka mweusi? Na sasa hata uji haupiti."

Picha ile Véronique aliijua. Ilipigwa siku ya kumposa binti wa Habineza, ziwa likiwa nyuma. Watu wote wanacheka, meno yanaonekana. Mzee, aliyesimama mwisho wa mstari, hana uso. Ni giza lenye kofia. Na watoto wake wameapa: baba akifa, Dominique atajibu.

Aliacha meza yake, akaenda nyumbani, akamkuta Dominique anafuta kamera.

"Niambie mbele ya Mungu. Uliweka nini humo ndani?"

"Maman, ni filtri tu."

Akamwonyesha kioo cha duara, nusu kijivu kizito, nusu safi. Wateja wote hutaka ziwa nyuma yao, lakini mbingu hutoka nyeupe kama karatasi. Ile nusu ya giza ikikaa juu, mawingu yanaonekana. Alikuwa amekitafuta sana, maana lensi yake ina mdomo mdogo na filtri zote alizoonyeshwa zilikuwa za kamera kubwa. Hiki alikipata Bukavu. Kililegea kidogo, akakikaza kwa plasta.

"Na hukuona Mzee anakuwa mweusi?"

"Ningeonaje? Kamera yangu jicho linapita kwenye kidirisha cha pembeni, halipiti kwenye lensi. Nilikiweka vizuri, giza juu, lensi ikiwa imelenga mbali. Halafu batu bakasogea karibu. Nikazungusha lensi ili nyuso zikae wazi, kioo nacho kikazunguka. Giza likaangukia pembeni, kwa Mzee."

"Kwa nini haukubaambia?"

"Nilibaambia. Bakasema hata mchawi hakosi maelezo."

Kesho yake Véronique alimshika mkono, wakaenda kwa Habineza. Mukamurenzi, mke wa Mzee, alisimama mlangoni bila kuwakaribisha.

"Maman Dominique, mumetuletea nini tena?"

"Nimejileta mwenyewe. Shika hiki, utazame."

Mukamurenzi akakiinua kioo kwenye migomba, akakizungusha polepole. Giza likatoka kwenye majani, likashuka mpaka kwenye udongo. Mugabo, mtoto wake mkubwa, akacheka kwa kejeli.

"Kama ni kioo tu, Maman, simama weye pale pa baba."

Véronique alikiamini kioo, uvumi nao, kidogo, aliuamini. Akaenda akasimama mwisho, kando ya Mukamurenzi.

"Maman, acha," Dominique akasema.

"Piga. Na ukigeuze vile kilikuwa."

Picha ilitoka hivyo hivyo: Mukamurenzi na migomba yake wanaonekana vizuri, Véronique ni kivuli kilichovaa kitenge. Akaitundika juu ya meza yake ya sambaza, kila mteja aione, amwone na yeye chini yake anapima samaki.

Mzee Habineza alikufa mvua zilipoanza. Véronique alikwenda msibani na mwanawe. Mugabo alimtazama Véronique usoni, akatazama tena, kisha akasogea kwenye benchi kuwapa nafasi, wakaketi.

Lakini hakuna harusi iliyomwita Dominique tena. Na Véronique, kila akikohoa, anaigeuza ile picha itazame ukuta.

Mzazi mwenye mtoto anayepiga picha kwa kamera ya kidirisha, mwambie aepuke haya:

– Kununua filtri bila kuijaribu kwenye mdomo wa lensi yake.
– Kuweka giza juu kabla ya kuzungusha lensi. Azungushe kwanza, ndipo akigeuze kioo.
– Kuamini kidirisha. Hakioni kioo.
– Kuacha kioo hicho kwenye lensi watu wakisogea karibu.
– Kutoa picha ambayo uso wa mtu umeharibika, eti kwa kuwa wengine wamependeza.
– Kungoja watu waseme kwanza, ndipo aeleze.