Breki za Mbele

...na hizi kubwa ni nzuri, nani atabisha, zinajaza kiganja, ukizishika unajua umeshika kitu, na hizi ndogo za mkono wa kushoto ni za gari la kawaida la mtu wa kawaida, zinabana diski na kuachia bila makeke, na muuza spea kaegemea kaunta anangoja, kwa sababu fundi wa kujifundisha mwenyewe ni mteja wa kuchosha lakini ni mteja, "Mzee, gari lako jepesi, hizo kubwa ni za gari zito, ukigusa pedali tu magurudumu ya mbele yanakwama, usukani haukusikilizi tena," na yeye anaitikia ehe, ehe, kama vile hajui, wakati anajua sana, hilo gari lilikuja vipandevipande kwenye makasha, kalifunga mwenyewe nati kwa nati kwenye kibanda nyuma ya nyumba, majirani wakicheka mpaka wakachoka kucheka, na halina kifaa cha kusaidia breki, nguvu yote inatoka kwenye mguu wa dereva, "hizo ndogo zinataka mguu," anasema muuza spea, "lakini hazidanganyi, ukikanyaga kidogo zinashika kidogo, ukikanyaga sana zinashika sana, sasa niambie, nani ataendesha?" loo, swali gani hilo, aliyeliunda ndiye ataendesha, hilo nalo la kuuliza, ila badala ya kujibu anazigeuzageuza breki mikononi, na nyuma yake mkewe, kakaa juu ya rundo la matairi na mkoba mapajani, anasema, "Baba watoto, si uchague moja twende, watu wanataka suruali zao," fundi cherehani huyu, anaongea tangu alfajiri mpaka usingizi umnyang'anye maneno, isipokuwa siku ile, siku ile hakusema kitu, alipotoka mumewe kibandani akaenda hadi getini, akapiga soga na jirani, akacheka, na mkewe akaja nyuma taratibu na ndara moja mkononi, akaiinamia, akaiweka mbele ya mguu wake wa kulia uliokuwa mtupu, mtupu kutoka kibandani mpaka getini juu ya kokoto zote zile na yeye hana habari, na mkewe akarudi ndani kimya, heri angetukana... sukari hiyo, ugonjwa wa sukari una mambo, na daktari kule kliniki alimwambia afumbe macho, akawa anamgusa nyayo na kijiti, "Unasikia hapa?" nasikia, "Na hapa?" nasikia, nasikia daktari, "Mzee, hapo sijakugusa," wakacheka wote wawili, na nyumbani akasema kaambiwa apunguze chai tamu, basi, chai tamu, mwanaume mzima... "Hizo kubwa ukizitaka sikukatazi," anasema muuza spea, "mteja ni mfalme," na hapo mkono wa kulia unaanza kuwa mzito, maana ukweli ndio huo, hakuzitaka kwa sababu zina nguvu, alizitaka kwa sababu hazihitaji mguu, mguu mfu ukidondoka tu juu ya pedali gari lisimame, ndiyo hesabu aliyoipiga akiwa amelala chali anatazama dari, na mtelemko ule wa sokoni je, na mvua, na mtu anavuka, na huyu aliyeshika mkoba kakaa pembeni yake akiamini anaendeshwa, Mungu wangu, alikuwa anataka kumpakia mkewe kwenye jeneza lenye rangi nzuri... inauma, tusidanganyane, inauma kuliko sindano, ulee gari kama mwana halafu ukae pembeni, anageuza shingo kidogo amtazame, na mkewe hana habari naye, anatazama barabarani, kisigino kimetulia juu ya tairi na vidole vinakanyaga, vinaachia, vinakanyaga, mazoea ya cherehani hayo, mguu ule unasimamisha sindano tundu moja kabla ya kifungo, hajawahi kuutazama mguu ule vizuri, ni mguu wa mkewe, nani hutazama mguu wa mkewe, na leseni mkewe anayo, imelala kabatini tangu wauze kile kipikapu, na alikuwa akiendesha vizuri mno, mumewe tu ndiye alikuwa akishika dashibodi na kupiga kelele polepole, polepole wewe... lakini siti sasa, siti ya abiria aliipima kwa nyonga za mkewe, alipoikalia mara ya kwanza mkewe aliuliza, "Umenipima lini?" akamjibu, "Si nimekuoa," wakacheka, yeye mwenyewe haingii humo, itabidi aifumue, aipanue, na ile ya dereva aisogeze mbele, na pedali zisogee pia, kazi ya wiki nzima chini ya gari, haya, kazi anaipenda, hiyo hakuna daktari aliyemnyima, "Mzee?" muuza spea bado kaegemea pale pale, breki bado zimo mikononi, kubwa kulia, ndogo kushoto, na zile kubwa anazirudisha juu ya kaunta.

"Mama watoto," anasema bila kugeuka, "hebu simama unyooshe miguu, nikupime."

"Miguu yangu imefanya nini tena?" anasema mkewe, lakini mkoba ameshauweka chini.