Kitenzi cha Meya Castanet

Serikali ilipoviunganisha vijiji vya Montferrol ya Juu na Montferrol ya Bondeni, vilivyonuniana tangu enzi za mababu kwa ajili ya kengele ya kanisa, Meya Castanet alitunga wimbo wa upatanisho. Katikati yake akachomeka kitenzi ambacho hakuna Mfaransa aliyekitamka tangu aache shule: réconciliassions. Kwa lugha ya watu, “tupatane” tu.

Mwalimu Solange Peyrac, aliyekabidhiwa kwaya ya pamoja, alikitazama kama mtu aliyeambiwa ameze yai na ganda lake.

Kwenye mazoezi, watu wa Juu walikigawa silabi tano: ré-con-ci-lias-sions. Wa Bondeni, waliozoea kuimba kama paroko wao, wakakivuta hadi saba: ré-con-ci-li-as-si-ons. Wenzao walikuwa wameshafunga midomo, wao bado wanapanda mlima.

“Nyie mnaimba au mnavuta ndoo kisimani?” akauliza Gaspard, mwokaji mikate wa Juu.

“Afadhali sisi hatubugii maneno kama bata,” akajibu Bi Honorine wa Bondeni. “Hata mikate yako ina haraka hiyohiyo. Katikati mbichi!”

Solange akaeleza kwamba mazungumzoni ni tano, katika kuimba huweza kuvutwa hadi saba, hivyo wote wako sahihi. Akawa amechochea moto. Hakuna aliyekuja kugawana usahihi na jirani.

Akamwendea meya. “Bwana Meya, kwa nini tusiweke ‘tupendane’ tu?”

“Mwalimu, kupendana hata mbuzi hupendana. Hili ni jambo la serikali.”

Siku ya sherehe kila upande ukashika lake. Wa Bondeni walivuta kwa makusudi. Wa Juu wakarudia kwa kelele ili wawafunike. Akodioni ikanyamaza yenyewe. Solange akabaki mikono hewani, akitamani ardhi immeze.

Mgeni rasmi kutoka mkoani akainuka, machozi yakimlengalenga.

“Uimbaji wa kupokezana! Bila shaka ni urithi wa wahenga wenu. Naomba mrudie.”

Bi Honorine akamtupia Gaspard jicho. Mashavu ya Gaspard yakaanza kutetemeka.

“Urithi mkubwa mno, mheshimiwa,” akasema. “Haya, Bibi, twende.”

Wakarudia, vibaya kuliko mwanzo, bega kwa bega, wakifinyana ili wasicheke.

Baadaye walikula meza moja, wakimwigiza mgeni hadi mvinyo ukawatoka puani. Solange alikuwa akikata jibini, moyo umetulia, meya alipomjia anameremeta.

“Umeona kitenzi kilivyofanya kazi? Ubeti wa pili nimeshauandika. Kitenzi cha huko ni kirefu zaidi.”

Solange akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akamtia meya mkononi, akaomba kimoyomoyo kimjae mdomo.