Mgongo wa Muuguzi

Jumatatu asubuhi mtia wino wa katuni aliosha vikombe, akavipanga juu ya kitambaa, kisha akaenda kufungua mlango kabla ya kubishiwa hodi. Nje alisimama Chuma, adui mkubwa wa mji, kofia yake ya bati mkononi, akipangusa viatu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Inama, utajigonga."

Chuma akainama, akaingia, akaenda kusimama kando ya kabati. Hakukaa. Miaka yote aliyokuwa kwenye katuni hakuna aliyemchora amekaa, kwa hiyo magoti yake hayakuijua kazi hiyo. Mtia wino alishaacha kumsogezea kiti. Alimwekea chai juu ya kabati, palipolingana na kifua chake, naye akashukuru kwa ile sauti yake ya kutikisa vioo.

Watu wa katuni walianza kuja nyumbani hapo mumewe alipofariki. Marehemu ndiye aliyewachora wote kwa penseli, na mkewe akawapitishia wino, mezani palepale, mume kushoto na mke kulia. Waliokuja ni wale wa kando tu, tena katika siku ambazo toleo halikuwa na shughuli nao: muuguzi, muuza magazeti, Chuma, na vibaraka wa Chuma, ambao marehemu kwa kukwepa kazi aliwapa sura moja wote, ikawa kila wakija wanagombana ni nani kati yao aliyepigwa ngumi toleo lililopita. Ngao mwenyewe, yule shujaa anayeruka juu ya mapaa, hakuwahi kufika. Alikuwa kwenye kila ukurasa, masikini, nafasi ataitoa wapi.

Majirani waliwazoea. Mama wa nyumba ya pili alikuja kulalamika mara moja, kwamba Chuma amekata kamba yake ya nguo kwa bega. Chuma akaenda kuomba radhi, akafunga kamba upya, akaanika zile shuka moja moja, na mambo yakaishia hapo.

Wakiaga, walitoka kinyumenyume. Hilo lilitokana na kazi. Ngao alikuwa na karatasi yake ya mfano, amechorwa mbele, ubavuni na nyuma, ili kila atakayemshika asimkosee. Watu wa kando walichorwa mbele tu. Mhariri alisema tangu mwanzo, hao nani atawatazama mgongo? Basi huko nyuma walikuwa weupe, karatasi tupu toka kisogoni mpaka visiginoni, na wenyewe waliona haya. Mtia wino alipowasindikiza alijifanya anaangalia dirishani mpaka mlango ufungwe.

Katika wote aliyemngojea hasa ni muuguzi. Marehemu alimchora kwa kuiba uso wa shemeji yake, mdogo wake mtia wino, aliyefariki kwa homa akiwa bado msichana. Picha yake haikubaki hata moja. Uso ule ulikuwa umebaki mahali pawili duniani: kwenye katuni, na kwenye kiti cha pembeni ya dirisha, Jumatatu ambazo muuguzi hakuwa na majeruhi wa kufunga bandeji.

Siku hiyo muuguzi alichelewa. Alipoingia, alikuwa wa kijivu, rangi ya penseli.

"Mdogo wangu, mkono umeufanyaje?"

"Nimejigusa kwenye mlango, dada. Nimefutika kidogo." Akauficha mkono mapajani. Kikombe hakukishika, vidole vilipita tu kama moshi.

Mtia wino akaitazama bahasha iliyokuwa juu ya meza tangu Jumamosi. Ni kurasa za toleo jipya, zimetoka kwa mchoraji mpya, zinasubiri wino. Hakuwa ameifungua.

"Ukurasa wa ishirini," alisema Chuma kutoka kando ya kabati. "Natupa boriti ya chuma, inamwangukia muuguzi. Nimeambiwa hivyo. Mimi sina ugomvi naye, shangazi. Mwaka juzi alinifunga kidonda."

"Na ulipiga kelele kama mtoto," alisema muuguzi.

"Iliwasha ile dawa."

Kisha muuguzi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia saa za ofisi: "Kwani nafia nini?"

"Ili Ngao akasirike," alijibu Chuma.

"Hawezi kukasirika hivihivi?"

Chuma alifikiri sana. "Hajawahi," akasema.

Mchana mtia wino alivaa viatu vya kutokea akaenda kiwandani kunakochapishwa katuni. Mhariri alikuwa mtu mpole, mwenye kukaribisha wageni kwa mikono miwili. Alimfutia kiti vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Mama, Ngao amekuwa laini mno. Wasomaji wanasinzia. Hadithi inataka msiba kidogo."

"Mhamishe huyo muuguzi. Apate kazi mji mwingine."

"Akihama nani atalia?" Mhariri akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Anaitwa nani vile?"

Akavuta matoleo ya zamani, akafunua moja, akafunua jingine, akitafuta. Hakuwa na jina. Hakuna aliyewahi kumwita zaidi ya "Muuguzi, haraka!" Mhariri akayafunga matoleo taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mtu.

"Mkono kama umechoka, mama, usijilazimishe. Yupo jamaa mmoja anapitisha wino upesi, hata hatazami anachokipaka."

Mtia wino alisema mkono haujachoka.

Njiani alikuwa ameshayaelewa mambo yalivyo. Akigoma, kazi itakwenda kwa yule jamaa asiyetazama. Akizikalia karatasi, muuguzi, aliyerudi penseli kwa kupangiwa kufa, atabaki hivyo, akifutika kila anapopita mlangoni, mpaka asibaki kitu. Alipofika nyumbani aliwakuta bado wapo, Chuma amewasha taa ya mezani na kuigeuza isimpige muuguzi machoni.

"Unataka nini?" mtia wino alimuuliza muuguzi. "Kuishi siwezi kukupa. Sema kingine."

Muuguzi hakuhitaji kufikiri. "Mgongo."

"Mgongo wa nini?"

"Mwenye mgongo ndiye anayeondoka, shangazi," alieleza Chuma. "Mtazame Ngao. Kila mwisho wa toleo unamwona kwa nyuma, anakwenda zake. Sisi tunabaki palepale kwenye ukurasa wa mwisho tuliochorwa."

Kwenye kazi yao mtia wino haongezi mstari. Marehemu alikuwa akisema, mstari wako ni ule niliouacha mimi, na mkewe hakuwahi kuuvuka, hata kwa unywele mmoja, katika maisha yote waliyokaa meza moja. Hata aliposhika kalamu mwenyewe kusaini jina, mkono ulisubiri kwanza uone penseli imepita wapi.

Asubuhi iliyofuata alifungua bahasha. Alianza na ukurasa wa kwanza, kwa mpangilio, bila kuruka. Alipofika wa ishirini aliuweka uso wa mdogo wake chini ya taa, macho yamefumbwa, boriti ya chuma juu ya kifua, Ngao akipiga kelele kwa mdomo mpana. Aliupitishia wino wote kama ulivyochorwa. Nyusi alizipa muda. Ile alama ndogo ya kovu chini ya kidevu, ambayo mchoraji mpya aliinakili bila kujua ni ya jiwe la nani na mchezo gani, aliigusa kwa ncha ya brashi akaiacha. Kwenye kiti cha dirishani, alikokaa muuguzi usiku kucha, kijivu kilikolea kikawa cheusi, kikakaa imara, kisha kiti kikawa kitupu.

Ukurasa wa ishirini na moja ulikuwa wa mazishi. Ngao mbele, ngumi zimekazwa, na nyuma yake umati. Katikati ya umati mchoraji mpya alikuwa ameacha pengo jeupe. Labda aliitwa kula.

Mtia wino akachovya brashi. Penseli haikuwapo. Alifumba macho akaiona barabara ya shule ya zamani, yeye dada mkubwa akitembea nyuma, kama alivyoagizwa na mama yao, ili asimpoteze mdogo wake machoni. Mgongo ule aliujua kuliko uso. Bega la kushoto liko chini kidogo, kwa sababu ya mfuko. Shingo imeinama upande kama inasikiliza. Kisigino kimoja kinakanyaga nje. Aliuchora mara moja, bila kurudia, mtu akiupa mgongo msiba wake mwenyewe, anakwenda zake.

Mhariri aliupitisha ukurasa bila kuona kitu. Alikuwa anamtazama Ngao.

Toleo lilikwenda vizuri mno. Watu walilia. Barua zilijaa kiwandani, zote za kumpa pole Ngao, na moja ilifungwa pamoja na kitambaa cha kufutia machozi. Mhariri aliwakusanya wafanyakazi, akawashukuru mmoja mmoja, kisha akasema safari ijayo msiba utakuwa wa muuza magazeti.

Siku hiyo, akirudi nyumbani, mtia wino alimwona muuguzi mbele yake barabarani. Alimtambua kwa bega. Akaita, "Mdogo wangu!" Muuguzi akasimama. Hakugeuka. Uso wake ulikuwa umebaki kwenye ukurasa wa ishirini, macho yamefumbwa, na kwa upande huu alichorwa nyuma tu. Mtia wino alilijua hilo, naye hakukimbia kwenda kumzunguka. Muuguzi aliinua mkono juu ya bega, akaupunga, akaendelea na safari yake, na dada yake akamfuata kwa macho mpaka barabara ilipokata kona.

Jumatatu vikombe vilikuwa mezani. Muuza magazeti alikaa kwenye kiti cha dirishani, wa kijivu kuanzia kofia hadi soli, gazeti lake kwapani likiacha unga wa penseli kwenye shati.

"Simama, baba," alisema mtia wino. "Geuka."

"Huku nyuma sina kitu, mama."

"Najua. Geuka hivyohivyo."

Akageuka, akaona haya, akabaki ametazama ukuta. Mtia wino aliuangalia ule weupe kwa muda mrefu. Nyuma ya huyu hakuwahi kutembea popote.

"Ukiwa umechoka unatembeaje?" alimuuliza. "Tembea nikuone."

Chuma, ambaye alishaambiwa ukurasa wa kumuua, akakiondoa kikombe chake, akajibana kwenye kabati, akampisha apite.