Nyayo za Mauwa

Jumapili ile, baada ya misa ya pili, sebule ya Kokuberwa kule Kimara iligeuka duka la viatu lisilo na kiatu hata kimoja. Ndugu na majirani walivua ndala, wakakanyaga karatasi, wakachorwa miguu kwa kalamu. Kila karatasi iliandikwa jina na rangi. Mama mkwe alitaka vyeusi visivyo na kisigino. Kokuberwa alikuwa anakwenda Guangzhou siku nane, kutembea na kushangaa, yeye na Bupe wa ofisini kwake. Na mtu wa Kimara akienda China haendi peke yake, anakwenda na miguu ya watu.

Wageni walipoondoka, Mauwa alikusanya vikombe, kisha akarudi na karatasi yake. Alikuwa binti wa Newala, mwaka wa sita sasa akifanya kazi za ndani pale. Alijichora mwenyewe uani kwa mkaa, juu ya kipande cha mfuko wa saruji.

"Mama, na mie naomba. Rangi yoyote."

"Weka hapo. Hata usingesema, Mauwa. Wewe ni wa humu ndani, nitakusahauje?"

Kwenye uwanja wa ndege, mkaguzi alifungua begi la mkononi la Kokuberwa. Vumbi la saruji lilikuwa limeenea mpaka kwenye pasipoti.

"Ndiyo nini hiyo, shoga?" Bupe aliuliza huku akicheka.

Kokuberwa aliona aibu. "Takataka tu," alisema, akaitupa karatasi ya Mauwa kwenye pipa. Nyingine kumi na moja alizirudisha kwenye bahasha.

Ndege ilipokwisha kupaa, nyayo mbili za vumbi la kijivu zilitokea nyuma, zikaja taratibu mpaka kwenye kiti cha Kokuberwa. Mhudumu alizikwepa na toroli lake. Viti vilikuwa vimejaa, kwa hiyo zilisimama njia nzima, kama mtu anayengoja wenzake wamalize kula atoe vyombo. Walipotua, afisa wa uhamiaji alizitazama, akagonga muhuri kwenye pasipoti ya Kokuberwa, akazipungia zipite.

Guangzhou ni mji mkubwa, na nyayo ziliuzunguka wote. Zilipanda lifti ya mnara mrefu, zikasimama juu ya sakafu ya kioo ambako Bupe alifumba macho na kupiga kelele. Jioni zilikwenda kando ya mto, wazee walipokuwa wakicheza dansi kwa redio, nazo zikacheza kidogo. Hotelini mzee wa usafi alizifuta kila asubuhi, na kila mchana zilikuwepo tena. Bupe alizoea kuzipisha mlangoni. Aliyeshindwa kuzoea ni Kokuberwa. Aliujua ule ufa wa kisigino cha kulia. Mauwa aliupata kwa kupiga deki vigae vya Kokuberwa. Kila alipoinamisha macho aibu ilimchoma, basi akashinda anapiga picha za maghorofa.

Siku ya sita waliingia kwenye jengo la soko lenye viatu ghorofa zote. Kokuberwa alinunua jozi kumi na moja. Nyayo zilikuwa zimesimama mbele ya raba za buluu. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, alipiga magoti, akazipima kwa futi ya kamba, akamwonyesha Kokuberwa kikokotoo: 38. Kisha akaziweka raba juu ya nyayo. Zilienea barabara.

"Si uzichukue?" alisema Bupe. "Maana nyayo zenyewe zinakufuata wewe. Kwani za nani?"

Kujibu ilikuwa ni kukiri kwamba ile takataka ya uwanja wa ndege ilikuwa miguu ya mtu.

"Mie sizijui," alisema Kokuberwa. "Halafu begi limejaa."

Begi halikuwa limejaa.

Jumapili aliyorudi, sebule ilijaa tena. Mauwa alisema shikamoo, akasema pole na safari, akaleta chai. Viatu vilitolewa kimoja kimoja, vikajaribiwa, vikasifiwa.

"Na vya huyu binti?" aliuliza mama mkwe.

"Namba yake haikupatikana, mama."

"Ilikuwepo," alisema Mauwa kwa upole, sinia mkononi. "Raba za buluu. Yule mama mwenye miwani alinipima vizuri tu."

Mama mkwe alitikisa kichwa, akaendelea kufunga vifungo vyake. Hapo nyayo ziliingia mlangoni, na tope la safari juu ya vumbi, zikavuka vigae vyeupe na kukoma pale aliposimama Mauwa. Zilimwenea.

Kokuberwa alihisi masikio yanawaka. Neno samahani lilimpanda mpaka kwenye meno. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Mauwa," alisema, "vigae vimechafuka."

Mauwa aliweka sinia mezani, akaenda kuchukua ndoo na tambara. Alianzia mlangoni, pekupeku, akazifuta nyayo zake moja baada ya nyingine, na wageni wakainua miguu yenye viatu vipya ili apite.